Chumo la Halali na Wachukuzi wa Chakula

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na Sala na Salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Amma baad.

Miongoni mwa masuala yaliyoletwa mbele ya darasa yetu ni hili la vijana wetu ambao mchana wana kazi zao, huyu ni karani, huyu ni mwanafunzi, na huyu ni mwalimu wa madrasa, na jioni ikiingia huvaa sanduku mgongoni, wakapanda pikipiki, wakawapelekea watu chakula majumbani. Simu humwita kijana, naye huenda mkahawani akachukua biriani au kuku, akavuka kutoka Kizingo hadi Nyali, akabisha mlango, akakabidhi, akalipwa ujira wake. Wako jamaa zetu wanaosema kwamba kazi hii ni aibu kwa mtu wa ukoo au mwenye elimu. Na wako wengine wanaouliza kama chumo lake ni safi. Tumeona yatupasa kulijibu suala hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa nyumba nyingi leo zaendeshwa kwa chumo hili.

Twaanza na hao wanaoona aibu. Aibu hiyo wameitoa wapi? Hawakuitoa katika dini. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Jumu'a kwamba Sala ikisha, watu watawanyike katika ardhi wakatafute fadhila zake. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba mtu hakula chakula kilicho bora kuliko kile alichokichuma kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.), naye alikuwa mfalme, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Akafundisha tena kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda akaleta mzigo wa kuni mgongoni mwake akauza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Basi mzigo wa kuni mgongoni na mzigo wa chakula mgongoni vina tofauti gani?

Na Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hana kitu, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake. Alimwombea dua ya baraka, kisha akataka aonyeshwe soko. Akaanza kwa kuuza jibini na samli, mpaka Mwenyezi Mungu akamfungulia. Watu wa pwani husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Ajabu ni kwamba mzee humwonea haya mwanawe akimwona na sanduku mgongoni, wala hamwonei haya akimwona kibarazani kutwa, akingoja kulishwa na dada yake.

Lakini uhalali wa kazi haumaanishi kwamba kila anayeifanya chumo lake ni halali. Kazi hii ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo tutakayoyaeleza.

Sharti la kwanza ni wakati. Fuqaha wamewagawanya wenye kuajiriwa mafungu mawili. Yuko aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu, na muda huo si wake tena, ni wa aliyemwajiri. Na yuko anayewafanyia kazi watu wengi, akilipwa kwa kila kazi. Karani ni wa fungu la kwanza saa za mchana, na akipanda pikipiki jioni huingia katika fungu la pili. Hapana ubaya kukusanya yote mawili maadamu moja halili la pili. Lakini akitoroka ofisini saa sita, saa ambayo oda za chakula cha mchana ni nyingi, akapeleka tatu nne kisha akarudi kuketi kana kwamba hakutoka, basi huyo ameuza kitu kimoja mara mbili. Mshahara wa saa hizo ni dhulma juu yake. Mwenyezi Mungu amewatia katika maangamizo, katika Sura ya Al-Mutaffifin, wale wanaotaka wapimiwe kamili na wao wakapunja, na maulamaa wamesema kwamba kupunja huko hakuko katika pishi na mizani peke yake.

Sharti la pili ni amana. Chakula kilicho sandukuni ni mali ya mtu, na mchukuzi ni amini wake. Kipande kimoja cha kiazi akikichopoa njiani ni khiyana, hata kama mwenyewe hatajua. Kadhalika kubonyeza katika simu kwamba umefika na hali hujafika ni uwongo. Na kufanya kazi kwa jina na picha ya mtu mwingine, kwa kukodi nafasi yake, ni udanganyifu juu ya kampuni na juu ya mwenye chakula, kwani mlango umefunguliwa kwa mtu asiyejulikana. Binti wa yule mzee wa Madyan, katika Sura ya Al-Qasas, alipomsifu Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake, alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nguvu pikipiki inazo. Uaminifu sharti autie mpandaji. Ama chakula kikimwagika bila ya uzembe wake, kama gari likimgonga naye yu katika njia yake, qauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni kwamba halipi, kwa sababu mkono wake ni mkono wa amana. Wenye mikahawa na wenye makampuni nao walijue hilo.

Sharti la tatu ni kile kinachochukuliwa. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alilaani katika khabari ya ulevi watu kumi, na miongoni mwao ni mwenye kuuchukua na mwenye kuchukuliwa. Si mnywaji peke yake. Basi ndugu yetu anapoletewa oda ya chupa za pombe, na aikatae. Nyama ya nguruwe hukumu yake ni hiyo hiyo. Husema, "Mimi sinywi, mimi ni mpelekaji tu." Lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida amekataza kusaidiana katika dhambi, na mpelekaji ni msaidizi. Wala hatumlazimishi apekue kila mfuko uliofungwa. Kwa asili chakula ni halali, na asilolijua hataulizwa. Hukumu hii ni ya kile anachokijua. Na akihofu kwamba akikataa ujira wake utapungua, akumbuke kwamba amepanda pikipiki usiku kwa ajili ya kuwalisha wanawe, na hakuna baba mwenye imani apendaye kuwalisha wanawe laana.

Sharti la nne ni pikipiki yenyewe. Wengi hawana ya kununua taslimu, basi huikopa kwa malipo ya kila siku. Hapa watazame kwa macho mawili. Ikiwa mwuzaji amemuuzia kwa bei moja iliyokwisha kujulikana, ikagawanywa kwa vipande hata ikizidi bei ya taslimu, biashara hiyo ni halali. Ikiwa ni mkopo wa fedha wenye nyongeza, au deni linaloongezeka kila akichelewa, hiyo ni riba, nayo vita vyake vimetangazwa katika Sura ya Al-Baqara. Benki za Kiislamu zinafanya kazi katika Kenya tangu mwaka 2008, basi hakuna udhuru wa kusema kwamba njia ni moja tu.

Na apige hesabu. Tuseme usiku mmoja ameingiza shilingi 1,000. Petroli 300, akiba ya tairi, breki na mafuta ya injini 100, gharama ya simu 50, na malipo ya pikipiki 400. Zimebaki 150. Wangapi huziona zile 1,000 wakazitumia kama faida, kisha tairi likipasuka wakakimbilia deni? Wala kazi hii si ya kujengea nyumba ya maisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 Jumia Food ilifunga huduma zake katika Kenya na katika nchi nyingine ilizokuwamo, na waliokuwa wakiitegemea wakaamka hawana pa kwenda. Basi na iwe daraja ya kuvukia, na kijana ajifunze ufundi huku akiendelea.

Sharti la tano ni roho za watu. Mchukuzi hukimbizwa na saa: akichelewa, mwenye chakula hukasirika. Ndipo akapita taa nyekundu, akaingia njia ya wanaokuja, akapanda juu ya njia ya waendao kwa miguu. Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujitia katika maangamizo kwa mkono wake. Na mwenye kumuua Muislamu kwa makosa, bila ya kukusudia, Sura ya An-Nisaa imemlazimisha diya kwa jamaa wa maiti, ila wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Je, sahani ya chipsi yenye moto yastahiki hayo? Haraka haraka haina baraka. Kofia ya pikipiki na koti la kung'aa ni amri ya serikali, nayo ni amri ya kuhifadhi nafsi, kwa hiyo kuitii ni katika dini.

Na Sala. Saa ya Ijumaa na saa ya Magharibi ndizo saa ambazo simu hulia sana. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura ya An-Nur wanaume ambao biashara haiwashughulishi wakaacha kumkumbuka Yeye na kusimamisha Sala. Simu ina mahali pa kuifunga. Basi na aifunge, aswali, kisha aifungue. Riziki iliyoandikwa haitapita kwa jirani katika dakika kumi.

Sasa twageuza uso kwa wengine, kwani si haki kumwekea mchukuzi masharti matano na mwenye kuletewa tukamwacha. Mwezi wa Ramadhani watu huagiza futari, na anayeileta naye amefunga. Hufika mlangoni adhana ikilia, akakabidhi tambi na kaimati za watu, akageuka na midomo mikavu. Imepokewa kwamba mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata mfano wa thawabu zake, bila ya kupunguziwa mfungaji chochote. Thawabu hiyo imekuja na miguu yake mpaka mlangoni pako, kwa tende mbili na gilasi ya maji! Utaifungia mlango?

Ama makampuni, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na fuqaha wameshartiza kwamba ujira ujulikane tangu mwanzo. Kubadilisha ujira kazi ikiwa imekwisha kufanywa, au kumfungia mtu riziki yake kwa shtaka la upande mmoja bila ya kumsikiza, ni dhulma.

Na mwisho ni kamati za madrasa. Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alipopewa Ukhalifa, alitoka asubuhi na nguo zake kwenda kuuza sokoni kama ada yake. Sahaba walimzuia, lakini hawakumzuia kwa kumwambia kwamba ni aibu. Walimkadiria posho katika Baitul-Mali, imtoshe yeye na watu wake, ili wakati wake uwe wa Waislamu. Basi kamati inayomlaumu mwalimu kwamba asubuhi alisinzia darasani kwa kuwa alikuwa barabarani mpaka saa sita za usiku, kwanza itazame inampa nini mwisho wa mwezi. Kama posho haimfikishi nusu ya mwezi, lawama si yake. Zipo fedha za kupamba msikiti kwa taa na mazulia; anayewafundisha watoto kusoma Al-Fatiha ndani ya msikiti huo ana haki zaidi ya kutazamwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awatosheleze vijana wetu kwa halali yake wasiihitaji haramu yake, awalinde barabarani usiku na mchana, awarudishe kwa watu wao salama, na atie baraka katika kidogo wanachokileta. Amin.

Wallahu aalam.