Jengo Linapoanguka: Je, Ni Kadari?

Miji ya Afrika ya Mashariki inakua kwa haraka, na macho ya wakazi wake yameelekea juu. Mjini Dar es Salaam, Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016 na kuunganisha Kurasini na Kigamboni, ambako kwa miaka mingi watu wengi walifika kwa pantoni. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la juu la Mfugale kwenye makutano ya TAZARA, na mwaka 2022 Daraja la Tanzanite likapita juu ya maji ya bahari karibu na Selander. Hizi ni neema, na si haki kuzidharau. Mgonjwa anayewahi hospitali kwa sababu ya daraja anajua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Lakini mji huo huo umeonja pia uchungu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16, lililokuwa bado linajengwa katikati ya mji, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka huko Kariakoo lilianguka asubuhi, watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha yao.

Baada ya kila msiba wa namna hii husikika maneno haya: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Inafaa tuulize kwa unyofu: je, maneno hayo yana mahali pake hapa?

Tukubali kwanza kwamba kinywani mwa mfiwa maneno hayo ni mazuri. Mama aliyepoteza mwanawe anapoyasema, anajizuia asikate tamaa, na hakuna mwenye haki ya kumkatiza. Lakini maneno yale yale yakitoka kinywani mwa aliyeiba saruji, yanakuwa pazia la kufichia mkono wake. Subira ni haki ya aliyeumizwa. Aliyeumiza hawezi kuifanya ngao.

Ama kuhusu kadari yenyewe, neno hili katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya kipimo. Nasi katika Kiswahili tumepata humo neno kadiri, na neno makadirio, ambalo kila mkandarasi analijua. Mwenyezi Mungu ameweka kila kitu katika kipimo chake, na zege nalo lina kipimo chake. Likizidishiwa maji ili limwagike kwa urahisi, nguvu yake hupungua. Likitengenezwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi yake hula nondo ndani kwa ndani. Kutu huvimba, na zege hupasuka. Ndiyo maana desturi ya kazi ni kuweka kando vipande vya zege na kuvivunja kwa mashine baada ya siku 28, ili ijulikane vinaweza kubeba uzito gani. Basi, aliyepunja saruji hakushindwa na kadari. Yeye ndiye aliyekipinga kipimo kilichowekwa, kisha kipimo kikathibitika juu ya vichwa vya wengine.

Ushahidi wa jambo hili ni mkubwa. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, na zaidi ya watu 100,000 wakafa. Tarehe 27 Februari mwaka huo huo Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, lenye nguvu nyingi mno kupita lile la kwanza, na waliokufa walikuwa mia chache tu, baadhi yao kwa mawimbi ya bahari. Ni kweli kwamba tetemeko la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu. Hata hivyo tofauti kubwa ilikuwa katika kuta na nguzo: Chile ilikuwa na kanuni kali za ujenzi nazo zilifuatwa. Mtikisiko ulitoka katika ardhi. Lakini kwa sehemu kubwa, hesabu ya makaburi ilitoka katika mikono ya wajenzi.

Pengine msomaji atauliza: “Fundi maskini anayeamriwa na tajiri wake afanye nini? Akikataa atafukuzwa, na jengo litajengwa na mwingine.” Swali hili si la kupuuzwa. Mjini Seoul, Korea ya Kusini, lilikuwako duka kubwa liitwalo Sampoong. Jengo lilikusudiwa kuwa na ghorofa nne. Mwenye mali akataka ya tano. Mkandarasi wa kwanza alikataa mabadiliko hayo, akaondolewa, na wengine wakaendelea na kazi. Tarehe 29 Juni 1995 nyufa zilionekana wazi. Wakubwa wa duka wakafunga ghorofa ya juu, lakini biashara haikusimamishwa. Jioni jengo likaanguka, na watu 502 wakafa. Baadaye maofisa wa mji waliokula rushwa walihukumiwa.

Zingatieni mafunzo ya kisa hiki. Aliyekataa hakushiriki katika damu hiyo, na hiyo ni faida isiyopimwa kwa fedha. Lakini kukataa kwake peke yake hakukuwaokoa wateja, kwa sababu mahali pake palipatikana mtu wa kukubali. Kwa hiyo uaminifu wa mtu mmoja hautoshi kuusimamisha mji. Fundi akikataa, mhandisi amuunge mkono. Mhandisi akiandika onyo, ofisa asiliuze. Ofisa akilifunga jengo, wapangaji wasimlaumu kwa hasara ya siku moja. Kila mmoja wao ni nguzo, na nguzo moja haibebi paa lote.

Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi haionekani. Nondo hufunikwa na zege, msingi hufunikwa na udongo, na mkaguzi hufika siku moja katika siku nyingi. Anayepita darajani kila asubuhi hamjui aliyelijenga, wala hawezi kumwuliza lolote. Amemkabidhi roho yake pasipo mkataba wala shahidi. Amana ya namna hii ndiyo inayoonyesha mtu ni nani hasa, maana uaminifu unaotegemea jicho la msimamizi huisha msimamizi anapogeuka.

Basi ndugu msomaji, tusipime maendeleo ya mji kwa urefu wa majengo yake tu. Tuulize pia ni nini kilichomo ndani ya nguzo ambacho hakuna awezaye kukiona tena. Na pale jengo linapoanguka, tuwaombee waliokufa, tuwafariji waliobaki, kisha tuulize waziwazi ni nani aliyepunguza kipimo. Kuuliza hivyo si kukosa imani. Anayemsingizia Mungu kosa la mwizi wa saruji, huyo ndiye anayepaswa kuitazama upya imani yake.