Ukuta Ulioinama

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka ikaua watu wawili, baraza zote za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilisema neno moja: kadari. Na mimi nililisema. Kisha nikaona haya. Chokaa imenilisha miaka arobaini, na jumba lile la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lililosalimika hata mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, lilikwisha kutuonya. Mwaka 2012 kipande cha roshani yake kilishadondoka.

Nyumba zetu za mawe hazifi ghafla. Boriti huoza kwanza kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani, jicho lisipofika. Maji ya paa yanashuka, chokaa inalainika. Mwenye nyumba akipiga plasta ya saruji, ukuta unapendeza, kumbe unyevu umefungiwa ndani hauna pa kutokea. (Saruji hiyo nimeipiga mwenyewe, na nikalipwa.)

Juzi niliitwa Kiponda. Ukuta umeinamia uchochoro wanaopita watoto wa chuoni. Nikamwambia mwenyewe, "Bwana, huu utie nguzo za kuegemeza leo hii." Akanijibu kwa upole, "Fundi, uhai na mauti vina Mwenyewe." Nikakosa la kusema. Nani abishane na hilo?

Usiku nikafungua Minhaj ya Imam Nawawi, niliyosomeshwa ujanani. Kumbe wanazuoni waliujadili ukuta ulioinama karne nyingi kabla yetu. Kwetu Mashafii, ukuta uliojengwa wima, ukainama baadaye na kuanguka, mwenyewe hana dhamana. Lakini imetajwa pia kauli ya pili, kwamba kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza, analipa. Mahanafi wao wanasema akishatakiwa auondoe, akapata nafasi asifanye, ni juu yake. Watu hao waliiamini kadari pengine kuliko sisi, na bado walikaa kuulizana nani alipe. Mimi si mufti. Lakini mkono uliogusa ukuta ule umeniegemeza kwenye kauli ya pili, ijapokuwa ndiyo dhaifu.

Na kwa Mahanafi onyo huthibitishwa kwa mashahidi, mwenyewe akilikana. Langu halikuwa nao. Jumamosi nikarudi na majirani wawili, nikalisema upya mbele yao. Mwenyewe hakufurahi, hata kahawa hakutukaribisha.

Ukuta bado umesimama. Watoto nimewaomba wazunguke kwa njia ya Hurumzi.