Gunia Ndani ya Banda

Mzee huyu ni Mkongo wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka mingi ya utu uzima wake aliipitisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, kabla ya yeye na familia yake kupelekwa Missoula, mji wa jimbo la Montana, Marekani. Missoula umekaa bondeni, milima imeuzunguka, na tangu 2016 familia nyingi za Kikongo zimehamishiwa huko, hata Kiswahili si kigeni tena madukani. Mzee huyu hafundishwi kufuga kuku. Fizi alifuga, kambini alifuga. Alipoambiwa sheria ya mji inamruhusu mitetea sita bila jogoo, aliuliza sasa nani atamwamsha, kisha akaenda kutafuta mbao.

Banda lake lilikuwa la kujivunia. Mbao nene, waya wa kuku wa matundu madogo yasiyopitisha hata kidole, sakafu iliyoinuliwa, makomeo mawili mlangoni. Kicheche asingepita, wala nguchiro, wala chatu. Mwezi ule wa sita angeweza kumwita mfugaji yeyote wa Uvira au Kasulu aje kulikagua, na asingepata pa kutia kidole. Kwetu mwizi wa kuku ni mwembamba na mjanja. Kazi yake ni kutafuta tundu, na ukiziba tundu umelala usingizi wako.

Dubu hana haja ya tundu. Neno lake tulipewa na Waarabu, mnyama mwenyewe hatukupewa. Leo hakuna dubu wa porini Afrika nzima, na mimi sijasikia methali yetu hata moja inayomtaja. Basi mzee alikuwa na hekima ya miaka sitini, na yote ilielekea upande mwingine.

Mwishoni mwa mwezi wa nane dubu weusi wa milima ile huingiwa na njaa isiyo ya kawaida. Wanajiandaa kuingia pangoni, ambako watakaa hadi mwezi wa tatu au wa nne bila kula wala kunywa. Dubu mmoja huweza kula karibu kutwa na kucha, na kwa siku akajaza tumboni hata kalori 20,000, karibu mara kumi ya chakula cha mtu mzima. Kazi hiyo huifanya kwa kuchuma matunda mwitu, moja moja. Sasa mwekee hapo gunia la kilo 23 la chakula cha kuku, mahindi na soya vilivyokwisha kusagwa: ni shibe ya siku tatu nzima imefungwa mahali pamoja, na harufu yake inashuka na kupanda na upepo wa bonde. Kuku wenyewe wanakuja baadaye. Wengi hudhani dubu amefuata kuku, kumbe mara nyingi amefuata pumba, kuku akawakuta tu.

Gunia la mzee lilikaa ndani ya pipa la plastiki, nje, ubavuni mwa banda. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa alilikuta pipa limelala, kifuniko kiko kwenye mti wa tufaha. Akasema ni mbwa. Akaweka tofali juu ya kifuniko. Kesho yake tofali lilikuwa upande mmoja, pipa upande mwingine, limepasuka.

"Mjomba, hebu tumuulize jirani," mke wa mpwa wake alimwambia. "Hawa wamezaliwa hapa."

"Mwanangu, nimuulize mtu habari za mbwa?"

Nadhani hapa ndipo palipoharibikia, maana kosa la kwanza lilikuwa la ugeni na la pili lilikuwa la aibu. Mtu aliyekuwa fundi kwao hapendi kuuliza jambo dogo ugenini. Badala ya kuuliza, akafikiri, na alifikiri vizuri sana: kitu chenye makomeo mawili na mbao nene pale uani kilikuwa kimoja tu. Akalichukua gunia lililobaki akaliingiza ndani ya banda, pamoja na kuku, akafunga.

Usiku wa tatu waliamshwa na sauti ya misumari inayong'oka. Mzee alitoka na tochi na panga; mkewe akamshika shati kwa nyuma, na shati lile ndilo lililomponya. Ukuta mmoja wa banda ulikuwa chini. Dubu jike mwenye manyoya ya kahawia (wanaitwa weusi, lakini si wote weusi) alikuwa ameketi kama mtu, gunia mapajani, na watoto wake wawili wakikimbiza kuku gizani. Asubuhi alibaki mtetea mmoja, juu ya mti wa tufaha.

Mizoga aliitupa kwenye pipa la taka. Usiku uliofuata dubu alirudi kuichukua.

Ofisa wa wanyamapori wa jimbo alipofika hakumgombeza. Alimweleza kwamba mtoto wa dubu hukaa na mama yake mwaka mmoja na nusu hivi, na anachokula mama ndicho anachojifunza kuwa ni chakula. Dubu aliyeonja pumba uani huziacha beri za mlimani. Ataingia ua wa pili, wa tatu, kisha baraza, kisha jiko. Kumhamisha hakusaidii sana, maana wengi hurejea walikotoka hata kwa safari ndefu. Wafanyakazi wa pori kule wana msemo wao, kwamba ukimlisha dubu umemuua. Yule jike alinaswa siku ya kumi na moja, mitaa miwili kutoka kwa mzee, ndani ya mtego wa bomba kubwa la chuma uliokokotwa na gari, baada ya kuvunja dirisha la jiko la mtu. Walimpiga sindano ya kifo. Watoto hawakuingia mtegoni.

Mzee huisimulia sehemu hiyo haraka, akiangalia pembeni. Habari za kuku hupenda kuzirefusha.

Banda la sasa ni dhaifu kuliko la kwanza, na ndilo linalolala salama. Gunia liko gerejini, ndani ya pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana. Matufaha huokotwa kabla jua halijazama. Na hatua moja kutoka ukuta wa banda, pande zote nne, kuna uzio wa umeme wa nyaya tano: wa chini uko sentimita 20 kutoka ardhini, nyingine zinafuatana kwa nafasi kama hiyo hadi kufika mita moja hivi. Ile hatua moja ina maana yake. Manyoya ya dubu ni blanketi, umeme hauyapenyi kirahisi. Anatakiwa aguse kwa pua, pua iliyolowa, kabla hajaweka mkono kwenye mbao. Kisanduku hutuma pigo moja kila sekunde, zaidi ya volti 6,000, fupi mno kumuua mtu au mnyama, kali ya kutosha kumfanya dubu akumbuke anwani ile. Lakini lazima uwe umeuwasha kabla hajaonja. Aliyekwisha kushiba hapo mara mbili huwa tayari kuvumilia pigo moja.

Kilichomsumbua mzee ni ardhi. Umeme ule hutoka wayani, hupita kwa dubu, hushuka udongoni, kisha hurudi kwenye kisanduku kupitia chuma cha ethi kilichopigiliwa chini. Udongo ukikauka, njia ya kurudi inakatika, na uzio unabaki kamba ya kuanikia nguo. Majani marefu yakiegemea waya nayo hunyonya nguvu kidogo kidogo. Kwa hiyo kila jioni hupita na kipima volti, anafyeka, anapima, anaandika namba kwenye daftari la shule.

Mwezi wa nane uliopita mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, na namba ilishuka chini ya 3,000. Mjukuu wake alimkuta ameinama nyuma ya banda na ndoo, anamimina maji taratibu kuzunguka kipande cha chuma kisichozidi kimo cha kiganja juu ya ardhi.

"Babu, hapo umepanda nini?"

"Umeme," alisema mzee. "Niletee ndoo nyingine."