Nyumba ya Buibui
(Ayubu 8:13-15, 42:7)



Tupitapo asubuhi katika nyasi za milimani, umande haujakauka, twaona vitambaa vyeupe vimetandwa karibu na ardhi, kila kimoja kama shuka ndogo iliyoanikwa. Jana jioni tulipita papo hapo tusione kitu. Fundi wake ni buibui mdogo sana, urefu wake wapata milimita 2 au 3 tu. Juu ya shuka yake hutega nyuzi zilizopitana huku na huku. Usubi arukaye huzigonga, akaanguka. Naye buibui amening'inia chini ya shuka, mgongo umeelekea ardhi. Humwuma papo hapo, akamvuta ndani ya utando. Hakika ni Muumba aliyempa ufundi huo.

Lakini nyumba imtoshayo buibui haimtoshi mtu. Mguu wa mbuzi mmoja waipasua. Bildadi alilifananisha nayo tumaini la wamsahauo Mungu: mtu huliegemea, nalo likaanguka pamoja naye. Neno hilo ni kweli. Je, sisi twaegemea nini? Jina letu katika kitabu cha usharika? Kiti cha mbele kanisani? Mtoto akishikwa na homa usiku, miguu yetu yaelekea wapi: kwa mganga wa hospitali, huku tukiomba, au kwa mpiga ramli kwa siri? Hapo ndipo umande unapoanguka, na utando usioonekana jana waonekana.

Tena kuna jambo la pili. Neno hili la kweli Bildadi alimpelekea mtu asiyestahili. Alimwona Ayubu amefiwa na watoto na kupotewa na mali, akahukumu kwamba ni malipo ya dhambi. Mwishowe Mungu aliwakasirikia rafiki hao watatu, akamtetea Ayubu.

Basi sisi wachungaji na walimu, tuingiapo katika nyumba ya msiba, tusichukue fimbo ya Bildadi. Tusiulize wenyeji wamekosa nini. Tukae nao chini, tulie pamoja nao, tuwaonyeshe Msalaba wake Yeye aliyeteswa pasipo kosa. Neno la buibui tulihubiri kwanza nyumbani mwetu wenyewe. Na sisi pia, tukiisha kuona utando wetu ulivyo mwembamba, tuuegemee Msalaba huo, hautavunjika.

Amina.