Mzimu ni Deni

Je, mtu aliyesoma aweza kuogopa mizimu? Swali hili tunalisikia mara nyingi darasani na hata ku matanga. Mimi naona kuna swali lingine linalotangulia, ndugu msomaji: sisi wazima, wafu wetu wanatudai nini?

Tusidhani kwamba mizimu ni mambo ya Afrika tu. Kule Uskoti, katika ngome ya mawe ya Glamis, watu wanasimulia juu ya bibi wa kijivu anayeonekana katika kanisa dogo. Wanasema ni Janet Douglas, bibi wa ngome ile, aliyechomwa moto Edinburgh mwaka wa 1537 kwa kushtakiwa kwamba alitaka kumuua mfalme James V kwa sumu. Mfalme aliuchukia ukoo wake, na ngome akainyang'anya. Juu ya nini bibi huyo hapumziki? Kila anayesikia hadithi anaelewa: damu yake haikulipwa.

Tusogee karibu na kwetu. Waganda nao wanasema muzimu, sawa vile tunavyosema kwa Mashi. Pale Kasubi, Kampala, Kabaka Mutesa I alijenga nyumba yake mwaka wa 1882. Alipofariki mwaka wa 1884 akazikwa humo, na nyuma yake wakazikwa makabaka wengine watatu. Kwa desturi, kabaka hafi. Ameingia katika msitu mtakatifu, nyuma ya pazia la magome ya mti. Lakini nyumba ile si ya mawe. Ni miti, matete na majani, na majani huoza. Kwa hiyo kila ukoo una kazi yake: watu wa ukoo wa Mbega huezeka, wa Chui hupamba, na wanawake wanaohesabiwa kuwa wajane wa kabaka hulinda pahali pale. Ni salongo isiyokwisha.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua. Mizimu haikuzima moto. Ni watu waliorudi kukata matete na kuezeka, mpaka mwaka wa 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kumbe si mizimu inayolinda nyumba. Nyumba inalindwa na wale wanaokubali deni.

Basi kwetu je? Wazee wa Bushi walizikwa kando ya nyumba, ku migomba. Shamba la kalinzi halikuwa la mtu mmoja: lilikuwa la waliolala ndani yake na la watakaozaliwa. Leo parsele inauzwa na kaburi la babu ndani, na muuzaji anasema: «Mimi siogopi bazimu.» Sawa, asiogope. Lakini anayekopa ng'ombe kwa jirani halipi kwa sababu ya woga. Analipa kwa sababu alikunywa maziwa.

Tena woga wenyewe ni mwalimu mbaya. Mwaka wa 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wazee waliuawa kwa kuitwa wachawi. Anayeogopa wafu kupita kiasi huanza kuwaua wazima. Hiyo si desturi ya kutetea.

Kuna pia deni lisilolipwa kwa majani na matete. Tarehe 24 Agosti 1998, kule Kasika katika Mwenga, mwami wa Lwindi aliuawa pamoja na watu wake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2010 inahesabu wafu zaidi ya 1000 katika Kasika na vijiji vya karibu. Kama kuna bwami wenye mizimu katika nchi yetu, ni ule. Na mizimu hiyo haiombi pombe wala mbuzi. Inaomba majina yake yatajwe na waliotenda wahukumiwe.

Kwa hiyo sifundishi vijana kuogopa, wala siwafundishi kucheka. Nawaambia waulize wazee wa jamaa: nani amelala wapi, alikufa ginsi gani, na nani anafyeka pale. Mtoto anayeshindwa kujibu hajawa mtu wa kisasa. Amerithi deni bila kujua hesabu yake.