Si kila maji ya buluu ni ya kuoga

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa asili ya uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, katika Suratun-Nur, aya ya 39, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa mazigazi: mwenye kiu huyadhania kuwa ni maji, na akiyafikia hakuti kitu. Leo nataka tuyatazame maji ambayo ukiyafikia unayakuta kweli, ila madhara yake ndiyo yaliyofichika.

Uingereza, karibu na mji wa Buxton katika mkoa wa Derbyshire, kuna machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa yaitwayo Harpur Hill. Kazi ilipokwisha, shimo likajaa maji ya buluu ya kupendeza, utadhani bahari ya Zanzibar wakati wa kaskazi. Watu wakawa wanakwenda kuogelea na watoto wao. Kumbe rangi ile haikutokana na usafi, bali na chembechembe za mawe zinazoelea majini. Tena chokaa imeyafanya maji kuwa makali: kipimo cha pH kilionesha 11.3, wakati maji safi huwa karibu na 7. Ukali huo unakaribia ule wa jiki. Fundi anayepaka chokaa ukutani anajua inavyobabua mikono. Na humo ndani mna magari mabovu, mizoga na vinyesi.

Mabango ya onyo yaliwekwa. Watu wakayasoma, kisha wakaingia. Mwaka 2013 halmashauri ikaamua kuyatia maji yale rangi nyeusi, ili yasivutie tena. Mwaka 2020, wakati wa korona, polisi nao wakayatia weusi kuzuia mikusanyiko.

Mimi napata hapo mafunzo mawili. La kwanza, jicho likishapenda, nafsi haisikii bango. Ndiyo maana Qur'an (17:32) haikutukataza zinaa tu, imetukataza hata kuikaribia. Wanazuoni wanaita kuziba njia ya maovu.

La pili, aliyechimba yuko wapi? Mafakihi wamesema, mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya haki, mtu akatumbukia, dhamana ni ya mchimbaji. Na sisi huku tunachimba kokoto, mchanga na udongo wa matofali. Tukishauza, shimo tunaiachia mvua. Mtoto akipita haoni shimo, anaona bwawa, na bango halimfai asiyejua kusoma.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi aliyeuweka udhia huo atajibu nini? Mwenye shimo alifukie au alizungushie uzio kabla ya masika. Nasi majirani tumkumbushe leo, tusingoje kuitwa kuliswalia jeneza dogo.

Wabillahi tawfiq.