Pointi Ishirini za Nini?

Matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili yakitoka, wazazi wa Babati mjini, kuanzia Bagara hadi Nangara, huulizana swali lile lile: mtoto kapata divisheni ngapi? Ndani ya swali hilo mna dai zito, kwamba Hisabati, Historia na Kiswahili ni vitu vinavyojumlishika.

Hesabu ya Baraza la Mitihani inajulikana. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na jumla ya 18 hadi 21 ni divisheni ya pili. Sasa chukua watoto wawili wenye pointi 20. Mmoja kabebwa na Hisabati na Fizikia, Kiswahili kimemshinda. Mwenzake kang'ara kwenye Kiswahili na Historia, na F yake ya Hisabati haikuhesabiwa kabisa, maana haikuingia kwenye saba bora. Karatasi inasema wako sawa. Sawa kwa lipi?

Sokoni, debe la mahindi na lita ya maziwa hujumlishwa baada ya kugeuzwa shilingi, na bei ni mapatano ya watu. Pointi nayo ni bei. Kuna waliokaa wakaamua kwamba A ya Uraia ina thamani ya A ya Kemia. Uamuzi huo unasaidia kupanga watoto wengi kwa haraka, sikatai, ila kuamua si kupima.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtoto wa hapa anaweza kulelewa kwa Kiiraqw au Kigorowa, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakutana na Biolojia kwa Kiingereza. Muulize kwa Kiswahili kichocho kinavyoambukizwa: atakueleza konokono wa majini, na vijidudu vinavyotoka kwake na kupenya ngozi ya anayeoga ziwani. Kwenye mtihani anaandika mistari miwili, anakwama. F inakaa mbele ya Biolojia, ilhali kilichopungua ni lugha. Hata kabla ya kujumlisha, alama ya somo moja imeshachanganya mambo mawili.

Wazazi wenzangu, someni orodha ya masomo kabla ya divisheni. Kila penye F, mfuateni mwalimu wa somo hilo mumuulize: mtoto hajui, au ameshindwa kusema anachokijua? Mtihani wa kidato cha nne bado uko miaka miwili mbele.